Wavu wa Vifaranga

Ndugu zangu, nina mfano mmoja asubuhi ya leo, na najua mwanzoni mtaucheka. Chekeni tu, sina ugomvi na kicheko. Ila kila mmoja ajiangalie mahali atakapoachia kucheka.

Kulikuwa na baba mmoja aliyekuwa akiendesha mashine ya kusaga. Sisemi hizi mashine za umeme za siku hizi zinazonong'ona. Nasema ile ya dizeli, ikiwashwa kuku wa mtaa mzima wanahama. Kati ya injini na kinu kuna mkanda mrefu wa mpira, unakwenda kasi mpaka jicho linadanganyika, unadhani umesimama. Baba huyu aliifanya kazi ile miaka mingi, nguo zake zote zikawa na rangi moja tu, rangi ya unga. Siku moja pumba ziliziba karibu na mkanda, akaingiza mkono kuzipangua bila kuzima injini. Mkanda ukamvuta. Mpaka wanakuja kuizima, vidole viwili havipo, na kiganja kilichobaki hata mama yake mzazi asingekitambua.

Wakampeleka hospitali, wakamshona. Akarudi nyumbani mkono unaning'inia shingoni kwa kitambaa, na kuanzia hapo maisha yake yakawa kliniki. Leo kidonda kifunguliwe kioshwe, wiki ijayo nyuzi zitolewe, halafu mazoezi: finya donge la unga, achia, finya, achia, mpaka machozi yamtoke. Dawa na nauli alizitoa mama mwenye mashine, mjane mmoja mwenye moyo mwepesi, maana aliona ni mashine yake iliyomdhuru mtu. Na baba wa watu hakukosa hata kliniki moja. Mvua inyeshe, jua lichome, alikwenda.

Mnasema, huyo ni mgonjwa mzuri. Ngojeni kidogo.

Kijiji kilikuwa kimeshakata shauri. Walisema ile mashine ina pepo. Imeonja damu, walisema, na iliyoonja damu hairudii pumba. Walisema ina pepo, na mahindi wakaendelea kupeleka, maana njaa haina ushirikina. Sasa nani alikuwa anaiendesha wakati mwenzetu anafinya donge la unga? Mdogo wake. Tumbo moja, ziwa moja. Mtu mzima mwenye mke na watoto wake, aliyeacha shamba ili nafasi ya kaka yake isichukuliwe na mgeni.

Kila asubuhi injini ilipoanza kukohoa kule sokoni, baba yule aliuficha mkono wake kwapani kama mtu aliyesikia baridi. Alikuwa hawezi kula mpaka mdogo wake apite jioni kumjulia hali. Akiona mtu anakuja mbio kuelekea kwake, hata kama ni mtoto anafukuza tairi, roho inamruka. Mkewe alimwambia, "Baba, wewe umeshaumia, basi. Unaogopa nini tena?" Akajibu, "Siogopi." Na meno yanagongana.

Ikafika kliniki ya mwisho. Daktari alikuwa mama mmoja wa makamo, mkali kidogo, wale wanaokutibu huku wanakugombeza. Akakishika kile kiganja, akakigeuza huku na huku.

"Fumba ngumi, baba."

"Nafumba, dokta."

"Fumba, nimesema, usinifichie uvivu. Haya. Umefanya mazoezi, naona. Unaweza kurudi kazini, ila kazi nyepesi kwanza. Pima unga, funga magunia. Mashine yenyewe usiiguse mpaka nguvu zirudi."

"Ahsante, dokta."

"Nani anaishika sasa hivi?"

"Mdogo wangu."

Daktari akaacha kuandika. Akamtazama.

"Na ule mkanda uliokuvuta. Umefunikwa?"

Akaurudisha mkono kwapani.

"Umefunikwa," akasema.

"Nauliza kwa sababu nimechoka kushona vidole vya watu wa mashine. Mimi nawatengeneza, nyie mnawarudisha palepale. Una hakika umefunikwa?"

"Nina hakika, dokta."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu baba maradhi hakuyaficha, maradhi aliyapeleka hospitali kila alipoitwa. Alichoficha ni chanzo chake. Sikilizeni sasa.

Mashine ile iliponunuliwa ilikuja na wavu wa chuma, umefungwa kwa boliti, unaufunika mkanda wote. Lakini mkanda ukilegea ni lazima ufungue boliti zote, uukaze, urudishe wavu, ufunge tena. Msimu wa mavuno foleni imefika barabarani, akina mama wanapiga kelele, "Baba wewe, tutapika saa ngapi?" Mwenzetu akaufungua wavu, akaukaza mkanda, na wavu akauegemeza ukutani. Atarudisha kesho. Kesho ikawa ileile ya kwetu sote, ile isiyofika. Watu wakauzoea mkanda ulio wazi hata wakasahau kwamba uliwahi kuwa na nguo. Mwishowe akauona wavu unakaa bure, akaubeba kwenda nao nyumbani.

Kufanyia nini? Mkewe alikuwa na vifaranga, na mwewe wa mtaa ule hakuwa na adabu. Akaugeuza ule wavu, akawafunika vifaranga. Mwewe akakoma.

Mnasikia, ndugu zangu? Kitu kilichotengenezwa kulinda mikono ya binadamu kikawa kinalinda vifaranga, na binadamu wakabaki wazi. Yeye aliyajua hayo yote. Aliyajua siku alipovutwa, aliyajua kila alipofunguliwa kidonda. Akinyamaza, ni pepo. Akisema, ni yeye. Mama mjane ataacha kutoa dawa, kijiji kitamcheka, na mdogo wake atamtazama kwa macho ambayo hajawahi kumtazama nayo. Akaona heri pepo.

Siku ya kurudi kazini ikafika. Mama mwenye mashine akasema haiwezekani mtu arudi hivihivi, lazima mahali pale pasafishwe. Akaita wa kuchinja na akaita wa kuomba, maana kwa mwenye hofu hata dini mbili hazitoshi. Akatuma salamu: jogoo atoke nyumbani kwa aliyeumia, kwa kuwa damu iliyomwagika ni yake.

Basi mwenzetu akaingia uani kumkamata jogoo kwa mkono wa kushoto. Mkewe akampigia kelele kutoka jikoni, "Angalia usikanyage hapo, vifaranga wako chini ya wavu!" Akasimama. Wavu huo hapo, miguuni pake. Vifaranga wanatoa midomo kwenye matundu, wamenenepa. Akainama, akaushika ukingo wake. Akawaza, nikiupeleka leo mbele ya watu wote, wataniuliza ulikuwa wapi. Akauachia.

Akachukua jogoo.

Mbona mmenyamaza? Nani humu angechukua wavu?

Kule mashineni jogoo akachinjwa, damu ikanyunyizwa kuzunguka injini. Waombaji wakaimba, wakakemea, wakapiga miguu mpaka unga ukapanda hewani. Mama mjane akalia kwa furaha. Halafu injini ikawashwa. Mdogo mtu akasimama kando ya mkanda, amevaa shati la mikono mirefu lisilofungwa vifungo, mkono wa shati unapepea kwa upepo wa ule mkanda. Akatabasamu.

"Njoo, kaka! Sasa imetulia, haina neno tena."

Na akainama kupangua pumba.

Hapo baba yule hakuweza tena. Hofu ilimpanda ikapita kichwani. Akasikia sauti yake mwenyewe inapiga ukelele.

"Zima! Zima hiyo mashine! Wavu uko kwangu!"

Watu wakageuka. Anatetemeka, macho yamemtoka, mate yanamvuja. Mmoja wa waombaji akasema, "Ameshapandwa na pepo huyo!"

"Wavu uko kwangu! Ni mimi niliutoa!"

"Pepo anasema! Mshikeni!"

Wakamrukia, mdogo wake naye akaacha mashine akaja kumshika. Wakamlaza chini kwenye pumba.

"Wewe unayesema ni nani?"

"Ni mimi! Jamani, ni mimi!"

"Hatukutambui! Toka!"

Kila aliposema ukweli, walikemea zaidi. Aliposema wavu, walisema toka. Aliposema mimi, walisema nyamaza. Ndugu zangu, tumefika mahali mtu akiungama tunadhani amepagawa! Walimshikilia mpaka sauti ikamkauka, nguvu zikamwisha, akabaki anapumua tu. Wakaangaliana wakasema, "Ametoka." Wakashangilia.

Mama mjane akamfuta uso kwa kanga yake. "Pole, baba. Bado hujapona, tumekuharakisha. Nenda kapumzike, mdogo wako ataendelea."

Na mdogo mtu akamwinua, akamrekebishia kitambaa shingoni, akamwambia taratibu, "Nenda nyumbani, kaka. Usiogope. Mimi nipo."

Wakamsindikiza mpaka uani kwake, wakamwacha. Mkewe alikuwa amekwenda kisimani. Akabaki peke yake, na kule sokoni injini inanguruma, foleni ya akina mama ni ndefu, na mdogo wake yuko pale na lile shati lake. Hakuna wa kumwambia. Aliyekuwa na mdomo wa kusema wamemkemea akanyamaza. Kimebaki kimoja tu cha kufanya, na hicho hakihitaji mdomo.

Akaushika ule wavu kwa mikono miwili, mzima na mbovu. Akauinua. Chuma kikakata ngozi changa ya kile kiganja, damu ikaanza. Vifaranga wakatawanyika uani, mwewe juu anawaona, yeye hakuwatazama. Akautia wavu kichwani, akatoka mbio barabarani mchana kweupe, mbele ya watu wote, amebeba aibu yake yenye boliti zinazogongana. Watu wanamwita, "Baba, vipi?" Hajibu. Anakimbia.

Naona mnanitazama. Mnataka niwaambie alifika au hakufika. Mnataka kujua kama alimkuta mdogo wake na mikono yote miwili.

Sitawaambia.

Sitawaambia kwa sababu yeye walau ameshatoka nyumbani kwake. Sisi bado. Sisi tumekaa hapa, tumevaa vizuri, na mashine inanguruma. Kuna mwenye pikipiki humu ndani anayejua breki hazishiki. Amempa mtoto wa mwenzake aendeshe, na wiki iliyopita aliniletea ufunguo niuombee. Kuna fundi hapa aliyemfungia jirani yake nyaya za umeme akijua mmoja haukufungwa sawasawa, na usiku mvua ikinyesha hapati usingizi. Kuna baba anayesema shetani ameingia nyumbani kwake, na shetani huyo baba alimfungulia mlango mwenyewe na kumpa kiti. Maskini shetani, siku hizi hata mapumziko hana, kazi zetu zote tunamwandikia yeye! Simtetei, ana dhambi zake zinamtosha. Ila hakufungua boliti zile. Sisi ndio tuliozifungua.

Tunaleta nini hapa? Majogoo. Mfungo ni jogoo, mkesha ni jogoo, bahasha ya sadaka ni jogoo. Tunachinja, tunaimba, tunakemea, tunakwenda kwa Daktari wetu mkuu kila wiki bila kukosa, na akituuliza swali moja tu, umefunika?, tunamjibu macho makavu: nimefunika. Halafu tunatoka tukitetemeka, tunashangaa kwa nini hatuna amani. Utakuwaje na amani na mdogo wako yuko kwenye mkanda?

Hofu uliyo nayo usiniletee niikemee. Hofu hiyo ndicho kitu cha kweli kilichobaki ndani yako. Ndiyo inayojua wavu uko wapi.

Sasa sisemi tufumbe macho tuombe. Nasema wewe unayejijua, inuka, pita hapa katikati watu wakuone, nenda nyumbani ukauchukue. Vifaranga Mungu atawaangalia. Nenda sasa hivi, injini inawaka. Maombi tutafanya ukirudi.