Jina la Mtoto wa Sikudhani

Wallahi bilahi tallahi! Nikiongeza neno hata moja, ulimi huu udondoke hapa hapa mbele yenu!

Kuna Bi Chausiku, kungwi. Mwali aliyefundwa naye, hata simba anampa shikamoo. Kuna Kibwana, mpiga ngoma. Akigusa msondo, mabati yanacheza juu ya nyumba. Halafu nipo mimi Mihambo, Mnyamwezi, mtani wa Wazaramo wote. Nikikutania, unasahau jina la babako.

Siku ya harusi, Sikudhani, binti wa Kizaramo, ilibidi avuke daraja la waenda kwa miguu kwenye bustani ya jiji, amfuate bwana harusi ng'ambo. Daraja liko juu, jamani! Mawingu yanapita chini yake. Kufika katikati akachungulia, akakaa kitako na shela lake.

"Siendi mbele mimi!"

Ng'ambo, shangazi wa bwana harusi akapaza sauti: "Bibi harusi akigeuka, na ndoa imegeuka! Arudi kwao moja kwa moja!"

Sikudhani akaangua kilio. "Atakayenifikisha kwa mume wangu, mwanangu wa kwanza nampa jina lake!"

Bi Chausiku akavua kanga ya begani, akamfunika uso. "Usitazame chini, mwanangu. Nishike kiuno." Kilio kikakatika. Lakini kunyanyuka, wapi!

Nikampita, nikasimama mbele. "We Mzaramo! Mwenzio kaoa mke au gunia la mihogo? Nikuviringishe?"

Lo! Akaruka kama moto wa petroli. "Mnyamwezi, leo nakutafuna!" Akanifukuza na kanga yake usoni, anamburuta na kungwi. Daraja likaanza kuyumba, bustani nzima ikayumba!

Hapo Kibwana, yuko ng'ambo, akaipiga polepole ngoma ile ile aliyochezwa Sikudhani siku ya kutolewa mwali. Miguu ikaitambua. Hatua zikatulia, daraja likatulia, akafika, akamwangukia mumewe kifuani.

Sasa tumbo limefika masikioni, atajifungua leo au kesho.

Bi Chausiku anasema, "Bila kanga yangu angezimia."

Kibwana anasema, "Bila ngoma yangu mngemwokota bondeni."

Mimi nasema, bila utani wangu mngekuwa mnampelekea chai pale darajani mpaka leo!

Awe wa kike, awe wa kiume, kila mmoja anadai jina lake linafaa. Je, ungekuwa wewe ndiye Sikudhani, mtoto ungemwita nani?

Amueni, ila yaishie hapa. Wale wawili wakisikia, watakuja nao kujisifu, na mimi sipendi kabisa watu wa kujisifu.