Mafuta Yaliyoshika Chini

Paukwa, jamani! Itikieni taratibu, kuna mtoto amelala.

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, alikuwako Mwanakheri, binti aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Mama yake mzazi ndiye aliyemuuguza uzazi. Kila asubuhi alimkanda, akampaka kifuani mafuta yake ya nazi ya asumini. Mtoto akanusa, fu, fu, fu, akanyonya. Kisha homa ikamchukua mama yake Mwanakheri. Wakazika. Kibuyu cha mafuta kikabaki kikavu.

Na mtoto akagoma kunyonya.

Nga! Nga! Nga! Akiwekwa ziwani, anageuza uso. Akiwekwa tena, anageuza tena. Mashavu yakabonyea. Mwanakheri akachuma asumini, akazitia kwenye maji. Jua halijapanda, harufu imeruka. Akapika mafuta mapya, safi, maangavu, akazitia humo. Yakanukia. Mtoto akanusa, fu, akageuza uso. Nga! Nga!

Akambeba, akakimbia, kanga inaburura, hadi kwa Bi Mwatime, kikongwe aliyechanganya manukato ya maharusi.

"Bibi, nisaidie, mtoto hanyonyi, nimetia asumini, nimeongeza, nimeongeza tena, maziwa yamejaa yananiuma, na mama hayupo, nitamuuliza nani mie?"

"Pumua kwanza, mjukuu wangu. Una nguo yake yoyote?"

Mwanakheri akatoa mtandio wa mama yake. Kikongwe akaunusa, macho kafumba.

"Asumini ipo. Lakini ua huja kulala tu, kitanda ni mafuta. Chini ya asumini kuna harufu ya mafuta yenyewe, nzito, ya tui lililoungua." Akacheka na ufizi wake mtupu. "Kumbe! Marehemu alikuwa na mdomo, huyo! Akipika mafuta, anapiga soga na majirani mpaka yanashika chini. Tukimwambia: mwenzetu, unapika mafuta au unachoma mkaa?"

"Mimi niliyaepua mapema," Mwanakheri akasema. "Nikadhani ndiyo ustadi."

Wakakuna nazi, wakakamua tui, wakabandika chungu. Chwaa, chwaa, chwaa. Mafuta yakajitenga. Mwanakheri akanyoosha mkono aepue.

"Acha! Zungumza."

"Nizungumze nini, Bibi?"

"Habari zake."

Basi akazungumza: mama alivyowaita kuku wake kwa majina ya mawifi zake, alivyocheka mpaka akashika ukuta, alivyomshika mkono wakati wa uchungu akamwambia usiogope, nipo, nipo. Na sasa hayupo. Chwaa, chwaa, chichichi! Mashapo yakawa ya kahawia. Moshi mwembamba ukapanda.

"Sasa epua."

Yalipopoa, wakatia asumini. Bi Mwatime akampaka Mwanakheri kifuani. Mtoto akanusa, fu, fu, fu. Akatulia. Akashika ziwa. Nyo, nyo, nyo, macho yakamlegea.

Harufu ikajaa chumba. Mwanakheri akageuka mlangoni ghafla, kama mtu aliyeitwa. Hapakuwa na mtu.

"Abee, mama," akasema.

Bi Mwatime hakumcheka. "Itika tu, mwanangu. Itika."

Bi Mwatime naye alishakwenda zake, siku nyingi. Lakini alituachia hili: ukimkumbuka mtu wako, usichague mazuri tu. Mkumbuke na alivyokuwa akiunguza.

Hadithi yangu naitua hapo.