Kuruka Kabla ya Jiwe

Wapendwa, mmewahi kumwona mtu amesimama juu ya gurudumu moja linalokwenda kwa umeme? Halina usukani, halina kiti, halina hata pa kushika. Ukiinamia mbele linakwenda, ukiegemea nyuma linasimama. Naona akina mama wa kwaya wananitazama kama nimechanganyikiwa. Vumilieni kidogo, tutafika.

Basi kulikuwa na fundi umeme mmoja pale mjini, tumwite Baba Ndeshi, kwa jina la binti yake. Mkewe alifariki kwa ajali ya bodaboda, na tangu siku ile aliapa hatapanda pikipiki tena maishani. Akapata mnadani gurudumu la namna hiyo, kuukuu, akajifunza kuliendesha. Wauza ndizi sokoni walimcheka mpaka machozi. "Baba Ndeshi, yaani umekimbia magurudumu mawili ukaenda kupanda moja? Ama kweli mfa maji haachi kutapatapa!"

Naye alicheka nao. Lakini moyoni hakuwa na kicheko. Ndeshi alikuwa analelewa na bibi yake, mama wa marehemu, kule juu mlimani, maana fundi umeme anashinda darini kwa watu, mtoto atamwacha na nani? Akawa na hamu na mtoto wake, hamu ya kuuma. Jioni alimenya ndizi za watu wawili, akala za mmoja. Akisikia watoto wanatoka shule, aligeuza shingo, ingawa alijua fika kwamba wake hayumo. Na kila akipiga simu alisema neno lile lile: "Jumamosi nakuja, mama."

Je, alikwenda? Wakati mwingine alikwenda. Lakini ile barabara, wapendwa! Mawe tupu, mizizi, makorongo ya mvua, gari halipiti. Na lile gurudumu lilikuwa gumu, halina springi, kila jiwe lilimpanda mpaka kisogoni. Akabuni njia yake. Akiliona jiwe kwa mbali, anakaza miguu, anabana pumzi, na kabla hajalifikia anajirusha juu kidogo ili pigo lisimkute amesimama. Ndivyo alivyopanda mlima, kwa kuruka na kukaza. Akifika kwa mkwewe mgongo unawaka moto, haketi akatulia, anaangalia jua, anaangalia chaji. Chai haijapoa, yeye keshasimama. "Mwanangu, acha niwahi."

Utaniambia, si angetembea? Alitembea pia. Alifika amechoka, akaketi kidogo, akageuza. Na Jumamosi nyingine mgongo ulimkatalia kabisa, akabaki kitandani akitazama dari, simu kifuani, anaona aibu kuipiga.

Mdogo wake aliyeko ng'ambo akamhurumia, akamtumia gurudumu jipya. Hili lilikuwa na springi ndani yake, jiwe likipiga chini lenyewe linabonyea, aliye juu anapita salama. Baba Ndeshi alilishika kama mtu aliyeshika mtoto mchanga. Akasema moyoni, sasa nitamwona mwanangu. Sasa nitakaa naye.

Akalipanda, akaelekea barabara ya mlimani. Likaja jiwe la kwanza, akakaza, akajirusha. Loo! Springi ikafyatuka chini yake, naye alipotua ikabonyea yote, ikamrusha kama gunia la mahindi. Akaamka, akajikung'uta, akapanda tena. Jiwe la pili, hivyo hivyo. Alirudi mjini akichechemea, kiwiko kimechunika, amelibeba gurudumu kwa hasira. Wauza ndizi wakamwambia, "Pole, baba. Hilo jipya lina mapepo, rudisha!"

Usiku ule... hapana, ilikuwa bado jioni, akampigia mdogo wake. "Umeniletea kitu kibovu. La zamani lilikuwa gumu, lakini nililijua."

"Kaka, hebu niambie, ukiona jiwe unafanyaje?"

"Naruka. Nisiporuka nitaumia."

"Ulikuwa unaumia, kaka. Kwenye lile la zamani. Hili ukiruka ndiyo unaliharibia kazi. Simama tu. Legeza magoti, liache jiwe lipite chini yako."

"Niliache?"

"Liache."

 Baba Ndeshi akasema, kwa sauti ndogo, "Naogopa."

Mtu mzima huyo, ndugu zangu. Kupanda nguzo haogopi, waya wa umeme haogopi. Anaogopa kulegeza magoti.

Lakini hamu ilikuwa kubwa kuliko woga. Kila asubuhi kabla ya kazi alikwenda nyuma ya soko, pale penye kokoto, akajifunza upya mwili wake mwenyewe. Macho yakiona jiwe, miguu inakaza bila kuulizwa. Anajisemea, legea. Legea. Hata kusimama ilibidi ajifunze, maana la zamani ulikanyaga kisigino likasimama papo hapo, hili linainama kwanza ndipo linatulia, lazima ulilegezee mapema, taratibu. Ikafika siku jiwe likapita chini yake, akasikia tu kitu kikibonyea na kuinuka, naye yuko wima, hajaumia. Alilia pale pale penye kokoto, wauza ndizi wakimtazama, na safari hii hakuna aliyecheka.

Jumamosi akapanda mlima. Hakupiga simu, alitaka awashtukize. Mgongo mzima, pumzi nzima, mfuko begani una nguo zake za wiki nzima, maana alikwisha omba ruhusa kazini. Akafika getini.

"Hodi!"

Ndeshi akatoka. Amekuwa mrefu. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama yangu!"

Mtoto akanyoosha mikono, akampokea mfuko, kama mlivyowafundisha watoto wenu kumpokea mgeni mzigo. Mnajua mzigo wa mgeni unapelekwa wapi. Ndani. Lakini Ndeshi akageuka, akauweka chini, pale pale getini, akaupangusa vumbi vizuri.

"Ndeshi, mbona huuingizi ndani?"

Mtoto akajibu kwa heshima zote, bila hasira hata kidogo. "Nimeuweka karibu, baba. Usihangaike ukiondoka."

Baba Ndeshi akamwangalia mtoto alivyosimama, mabega yameinuka, magoti yamekaza, pumzi imebanwa. Akaijua ile hali. Aliijua kwa mifupa yake. Mtoto alikuwa ameliona jiwe linakuja, naye ameshajirusha kabla. Na nani alimfundisha?

 "Jumamosi nakuja" alishaisema sana. Akalizima gurudumu, zito lile, akalibeba kwa mikono miwili akalipitisha sebuleni, akaenda kulisukumia uvunguni mwa kitanda cha mtoto. Akavua viatu. Bibi akauliza, "Na kazi je, mwanangu?" "Kazi itaningoja, mama." Kisha akaketi jikoni penye kigoda, akaanza kumenya ndizi. Za watu watatu. Ndeshi alisimama mlangoni muda mrefu, hasogei. Anamtazama baba yake, anautazama mfuko kule getini.

Sasa nanyi mnataka niwaambie kama alikimbia kumkumbatia. Siwaambii. Nawauliza ninyi mlioko kwenye mabenchi haya: nyumbani kwako, ni nani anayeuweka mfuko wako getini? Usimkemee. Alijifunza kwako.

Na jambo la pili, hili linatuhusu sisi sote, na mimi ni wa kwanza. Tumeumizwa, kweli. Tumeachwa, kweli. Tumezika. Kwa hiyo hata Bwana alipotujia tulimpokea vizuri, tukaimba, tukamsalimia kwa heshima, tukamwambia karibu. Lakini tuangalie mzigo wake tumeuweka wapi. Tunasali huku magoti yamekaza. Tunasubiri aseme, "Acha niwahi."

Ndugu zangu, Yeye ameshavua viatu. Yuko jikoni kwako, anamenya ndizi.

Nenda kachukue ule mfuko, uuingize ndani.