Chumba cha Upande wa Ziwa

Mji wa Kalemie umekaa kama mtu aliyeketi kando ya maji na kuegemeza mgongo kilimani. Chini kuna bandari, reli, na ziwa linalong'aa hata macho yakauma. Juu, kwenye mteremko, kuna nyumba za zamani za matofali walizokaa wafanyakazi wa reli. Nyumba hizo zina umri mkubwa kuliko watu waliomo. Nyingine zimepakwa rangi mpya zikapendeza. Nyingine zimeachwa tu, na mpita njia huharakisha hatua mbele yake kama anayepita mbele ya mgonjwa asiyemjua.

Katika mji huo aliishi Syntiche, msichana mwenye haya nyingi. Watu wakimwangalia, yeye aliangalia viatu vyake. Labda ndiyo sababu aliacha kupiga picha za harusi akachagua kupiga picha za nyumba, kwa maana ukuta hauna macho ya kumkodolea mtu. Wenye hoteli na wenye nyumba za kukodi walimwita, naye alikwenda na kamera yake na ile miguu mitatu ya kuisimamishia.

Siku moja alipigiwa simu kutoka Lubumbashi na Mama Mireille, mkubwa wa chama kimoja cha wakunga. Chama hicho kilitafuta nyumba Kalemie, ili wanawake wajawazito wanaotoka mbali, milimani na katika vijiji vya ziwani, wapate pa kulala wakingojea kujifungua. Nyumba mbili zilikuwa zimetajwa, na uchaguzi ungefanywa kwa kutazama picha.

"Mutoto wangu, mimi siwezi kufika sasa," Mama Mireille alisema. "Macho yako njo macho yangu. Unionyeshe mama atalala wapi, na hewa itapita wapi. Unasikia?"

"Nasikia, Mama," Syntiche alijibu, na moyo wake ukapiga kama ngoma ya sikukuu, kwa kuwa hakuwahi kupewa kazi kubwa namna ile.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Papa Adalbert, mfanyabiashara wa samaki wakavu. Ilikuwa mpya, ya ghorofa, na mlango wake uliletwa kwa meli kutoka Kigoma. Ulikuwa mninga mtupu, umechongwa maua na majani, umepakwa vanishi ukameta kama paji la uso la bwana harusi.

"Piga hapa, binti yangu," Papa Adalbert alisema akiupapasa mlango kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. "Mulango njo nyumba. Muntu akishaona huu, ataomba nini tena?"

"Papa, waliniomba vyumba vya kulala."

"Vyumba! Kila nyumba iko na vyumba. Lakini mulango kama huu, nani iko nao hapa Kalemie?"

Syntiche aliingia ndani. Dirisha la chumba cha kwanza lilifungukia ukuta wa jirani, karibu hata kichwa kisingepita. Chumba cha pili hakikuwa na dirisha kabisa. Kuta zilitoa jasho. Alisimamisha kamera, akaiacha lenzi wazi kwa muda mrefu ikusanye mwanga kidogo uliokuwepo, kama mtu anayekinga manyunyu kwa kikombe. Picha ilipotoka, ilionyesha giza na madoa ya unyevu. Hata hivyo aliupiga mlango ule picha nyingi, kwa sababu Papa Adalbert alimsimamia, naye hakujua kumkatalia mtu mzima. Njiani alijiambia kwamba huenda wakubwa wa Lubumbashi wangeupenda mlango wakasahau mengine.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mama Léontine, mjane wa Papa Onésime aliyekuwa dereva wa treni. Lori lilikuwa limegonga baraza ya mbele na kuibomoa nusu. Mlango wa zamani ulikwisha kuliwa na mchwa, na mahali pake palisimama bati la pipa lililopondwa, lenye kutu, limefungwa kwa waya. Syntiche alisimama barabarani akilitazama bati lile, na moyo ukamwambia apige picha moja ya nje tu aende zake.

Mara bati likasukumwa kwa ndani.

"Ingia, mutoto," alisema mwanamke mwembamba aliyejifunga kitenge cheusi. "Usiangalie uso wa nyumba. Ni mzee kama mimi, iko na aibu ya wageni."

Mama Léontine alimpa kiti, mwenyewe akabaki amesimama. Akamweleza mambo yalivyo, bila kupamba. Shemeji yake Cyprien na ndugu wengine wa marehemu walikuwa wamekata shauri: nyumba ivunjwe, kiwanja kiuzwe. Wavunjaji wangekuja Jumamosi. Wakunga wakiipenda nyumba, itapona. Wasipoipenda, yeye atarudi Kirungu kwa kaka yake na kifurushi kichwani.

"Watoto wangu wote niliwazalia humu," alimaliza. "Piga vizuri, mama yangu. Sina mwingine wa kunisemea."

Syntiche alianza kazi. Na kadiri alivyoendelea, ndivyo alivyozidi kustaajabu. Sebule ilikuwa ndefu, na dari yake ilikuwa juu hata sauti ilipanda kama kanisani. Karibu na dari palikuwa na matundu yaliyopangwa kwa matofali, na upepo uliingia kwayo taratibu, hauonekani ila kwa kutikisika kwa pazia. Sakafu ya saruji nyekundu ilisuguliwa ikawa laini kama ngozi ya embe bivu. Aligeuza kamera polepole mpaka pembe za kuta zikasimama wima ndani ya kioo chake. Alisogeza kiti, akarudi nyuma, akakisogeza tena. Alijiuliza aliyejenga nyumba ile alikuwa mtu wa namna gani, aliyemfikiria hata mtu ambaye angelala na homa.

Mwisho wa ukumbi kulikuwa na mlango mmoja uliofungwa, na kitambaa kimesokotwa chini yake.

"Na kile, Mama? Ni chumba cha upande wa ziwa?"

"Kile hapana."

"Lakini njo kingekuwa kizuri kuliko..."

"Nimesema hapana!" Kisha Mama Léontine akashusha sauti. "Utaniharibia jina, na tayari limeharibika."

Syntiche aliangalia viatu vyake. Basi mama akaanza kusimulia mwenyewe. Baada ya Papa Onésime kufa, aliogopa wezi, akapigilia misumari dirisha la mbao la chumba kile. Siku moja watoto wa Cyprien waliingia humo kucheza, wakatoka wakilia kwamba watu wanatembea ukutani, miguu juu, kichwa chini. Cyprien akaenda, akaona kwa macho yake, akatoka amekuwa kama majivu. Akasema ni mizimu, ndugu yake hajapumzika. Basi waliziba nyufa zote za dirisha kwa udongo ili wale watu wasipate njia.

"Lakini tulivyozidi kuziba, njo walivyozidi kuonekana," Mama Léontine alisema. "Sasa wengine wanasema si Onésime. Wanasema ni mimi. Unajua neno wanaloniita."

Syntiche alilijua. Kwa mjane anayeishi peke yake, neno hilo ni kaa la moto katika nyasi kavu. Alitamani kufunga mfuko wake wa kamera aende zake. Lakini Mama Mireille alikuwa ameyaazima macho yake, na macho ya kuazimwa hayafumbwi ovyo.

"Mama," alisema, "kama tukiingia sote wawili?"

Mama Léontine aliinama, akakivuta kile kitambaa.

Waliingia, wakafunga mlango nyuma yao. Kwanza palikuwa na giza tupu na harufu ya udongo. Walishikana mikono kama watoto. Kisha, kidogo kidogo, macho yalipozoea, ukuta uliokuwa mbele yao, ule uliopakwa chokaa nyeupe kutoka machimbo ya Kabimba, ukaanza kupambazuka.

Ziwa lilikuwa ukutani.

Lilikuwa lote, na rangi zake zote. Maji yalikuwa juu na mbingu ilikuwa chini, buluu juu ya buluu, na mawimbi yalimetameta karibu na dari. Mitumbwi ilining'inia kama popo, huku ikitembea. Wingu jeupe lilipita kando ya sakafu, polepole, likagusa kidole cha mguu wa Syntiche likaendelea. Juu kabisa, barabara ya ufukweni ilipita, na watu wadogo walitembea juu yake, kichwa chini, wakitikisa mikono, bila sauti hata moja. Syntiche alisahau kupumua. Alikuwa amezaliwa kando ya ziwa lile, amechota maji yake, ameoga ndani yake, lakini ilikuwa kama hajaliona hata siku moja.

"Njo wao," Mama Léontine alinong'ona.

Syntiche aligeuka. Katika ubao wa dirisha, mahali ambapo jicho la mti lilikuwa limechomoka, kulikuwa na tundu dogo kama punje ya haragwe, ambalo udongo haukulifikia, na mwanga wa alasiri uliingia kwa tundu hilo tu. Akakumbuka maneno ya fundi aliyemfundisha kazi: kamera si kitu kingine, ni chumba chenye giza na tundu moja. Alikuwa ameyakariri maneno hayo kama wimbo wa shule. Akanyoosha mkono, akaliziba tundu kwa kiganja. Ziwa likazimika. Akaondoa kiganja. Ziwa likarudi, na mitumbwi yake, na watu wake.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa ndogo tena, "tuko ndani ya kamera."

Wakati huo huo bati la mbele lililia, na sauti nene ikaingia nyumbani.

"Shemeji! Shemeji Léontine! Uko wapi?" Alikuwa Papa Cyprien, aliyekuja na nyundo kupima kuta. Alipojua walipo, alisimama mbali. "Tokeni mule! Munatafuta kifo?"

"Ingia, Cyprien," Mama Léontine alijibu. Macho yake hayakutoka ukutani. "Bibi yako anapita huku juu ya kichwa."

"Bibi yangu nani?"

"Uko na wangapi? Jeannette, na kitenge chake cha njano."

Papa Cyprien alisogea, akachungulia mlangoni kwa jicho moja. Kweli, mke wake wa kitenge cha njano alikuwa akitembea karibu na dari, amebeba beseni la dagaa.

"Jeannette!" alipiga kelele. "Atamwaga ndagala zote!"

Alitoka mbio mpaka nyuma ya nyumba, akatazama chini barabarani. Alirudi akihema. "Iko muzima," alisema. "Miguu iko chini. Beseni iko juu. Sasa huyu wa ukutani ni nani?"

"Ni yeye yule, Papa," Syntiche alisema. "Mwanga wa mbinguni unateremka kwenye tundu, wa barabarani unapanda. Unapishana humo, njo maana anaonekana amegeuka. Weka mkono hapa."

Papa Cyprien aliweka mkono wake mkubwa kwenye tundu. Akaondoa. Akaweka tena. Alifanya hivyo mara nyingi, na kila mara ziwa liliporudi aliguna kama mtu aliyepigwa. Mwishoni alikaa sakafuni, nyundo kando yake, na wingu likampitia mapajani.

"Basi Onésime amepumzika," alisema.

"Alipumzika siku ile ile. Ni sisi hatukupumzika."

Kisha Papa Cyprien akasema bila kumtazama, "Na lile neno, Shemeji. Mimi njo nililianza."

"Najua. Utalichukua nyumba kwa nyumba, pote ulipolipeleka."

"Nitalichukua."

Syntiche aliomba ruhusa ya kupiga picha. Aliwaeleza kwamba lenzi itakaa wazi kwa muda mrefu, na kila anayetembea atafutika. Atabaki aliyetulia tu. Papa Cyprien aliposikia hivyo alishuka mbio ufukweni, akasimama mchangani mikono juu, ametulia kama nguzo. Ukutani walimwona amening'inia kutoka darini, na Jeannette amemsimamia mkono kiunoni, bila shaka akimuuliza kama amepatwa na wazimu. Mama Léontine alicheka mpaka akashika ukuta.

Papa Cyprien aliporudi, aling'oa misumari kwa nyundo ile ile. Dirisha likafunguka kwa kishindo, udongo ukaanguka, na ziwa lenyewe likaingia, safari hii likiwa limesimama wima, na upepo wake ukajaza chumba mpaka kitenge cheusi cha Mama Léontine kikapepea. Hapakuwa na chumba kingine chenye mwanga kama kile katika mtaa mzima. Syntiche alikipiga picha hivyo pia.

Picha zilikwenda Lubumbashi. Siku mbili zilipita, na Mama Léontine hakula kitu cha maana. Ijumaa asubuhi simu ikalia.

"Syntiche," Mama Mireille alisema, "ule mulango wenye maua ni muzuri sana. Nilitafuta nyumba nyuma yake, sikuiona. Lakini ile ya pipa! Mwambie mwenyewe asihame. Wajawazito wangu watalala chumba cha upande wa ziwa, naye atawatunza."

Jumamosi hakuna tofali lililoanguka. Baada ya wiki chache mwanamke wa kwanza alishuka kwenye lori, kijana kutoka milimani, mimba yake imefika. Alipoliona lile bati lenye kutu alishika nguzo ya baraza iliyovunjika, machozi yakamlengalenga.

"Njo hapa walinileta nizalie?" aliuliza.

Mama Léontine alimshika mkono, akamwongoza kupita sebuleni, mpaka ukumbini, akamfungulia. Mwanamke yule alisimama mbele ya dirisha, mkono mmoja tumboni, mwingine mdomoni, na ziwa lote likiwa mbele yake. Yeye naye alikwisha kuona kwamba nyumba njema si mlango.