Stuli ya Baba

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme, bali zamani hii hii ya juzi ambayo mashahidi wake bado wanakwenda sokoni, palikuwa na hospitali juu milimani, katika nchi ya tangawizi. Hapo desturi ilikuwa mwanamume amlete mkewe, akabidhi beseni na kanga, aishie getini. Basi mwaka ule hospitali ikatangaza jambo jipya: baba anayetaka na aingie leba, chumba cha kujifungulia, amshike mkewe mkono. Weee! Milima yote ilizungumza. Wake walifurahi, mama wakwe walinuna, na waume walikohoa tu.

Wa kwanza kuingia alikuwa Senkondo, mkulima wa tangawizi, na alikuwa na furaha ya mtoto anayesubiri sikukuu. Mkewe Nakijwa alishamwambia tangu mimba ya miezi sita kwamba hataki pole za mlangoni. Anataka aingie, aone.

Uchungu ulianza alfajiri. Wakaupanda mlima kwa miguu: Nakijwa, Senkondo akiwa na beseni, na mama mkwe wake, Mama Nakijwa, akiwa na chupa ya uji na kande za kutosha. Walipofika, mkunga Navone, aliyepokea watoto kwa miaka ishirini, akatoka barazani kuuliza swali aliloagizwa na sheria ya hospitali.

"Baba, umekula?"

Senkondo hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana mchana. Lakini mama mkwe alikuwa ameketi hatua mbili tu, na katika ukoo wao mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala hataji njaa yake akasikia. Afanyeje? Akajibu kwa adabu, "Nimeshiba, Sista."

Mama Nakijwa alisikia. Alijua kuwa si kweli, maana chakula chote alikibeba yeye. Akatazama vidole vya miguu yake, akanyamaza.

Sheria ilisema pia kwamba baba akae juu ya stuli, upande wa kichwa cha mkewe. Na stuli ilikuwepo, mpya, inanukia vanishi! Ila asubuhi ile Daktari Mshana aliichukua, akapanda juu yake kwenye korido ili abandike tangazo kubwa: AKINA BABA KARIBUNI. Tangazo likanyooka vizuri. Stuli ikabaki chini yake, haina wa kuikalia.

Kwa hiyo Senkondo akasimama. Saa ya kwanza akasimama, saa ya pili akasimama. Nakijwa akisukuma, naye anasukuma. Nakijwa akipumua, naye anapumua. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha, na miguu ikaanza kuishiwa nguvu. Alipoona ukuta unazunguka, akainama sikioni mwa mkewe akaomba atoke kidogo.

"Ukitoka sasa, usirudi," Nakijwa akasema, akamkaza mkono.

Hakutoka.

Mkunga Navone alimwona Senkondo akianza kuanguka. Lakini kichwa cha mtoto kilikuwa tayari mikononi mwake. Mikono miwili, watu wawili wanaokuja kwa mpigo! Akamchagua mtoto. Binti akatua salama mikononi, baba akatua sakafuni, na mkono wake wa kulia ukavunjika mahali pawili. Alipozinduka, mtoto alikuwa ameshaogeshwa. Senkondo alilia, na si kwa sababu ya mkono.

Sasa tangawizi ilikuwa imekomaa, na mvua ikiikuta ardhini inaoza, na mwaka mzima wa nyumba ile unaoza nayo. Mkono uliofungwa plasta haushiki jembe. Kamati ya hospitali ikaketi siku ya tisa, ikaamua: aliyemwangusha Senkondo ndiye atakayemchimbia. Mwenyekiti akaongeza kwamba kosa likiwa la hospitali, basi leba itafungwa kwa akina baba wote. Na daftarini walikuwa wanasubiri akina baba kumi na mmoja.

Daktari Mshana alikiri kuwa stuli aliihamisha yeye, lakini akauliza kama mtu aliyeshiba huanguka kwa kusimama. Mkunga Navone akainuka.

"Mficha uchi hazai, na huyu alificha njaa. Midomo yake mikavu niliiona, hilo sikatai, na bila stuli nilianza kazi. Lakini ningemdaka baba, leo mngekuwa mnahani msiba."

Mama Nakijwa alizungumza uso ukiwa umeelekea ukutani, kwa kuwa mkwe yumo ndani.

"Huyu amevunja mkono wake ili asinivunjie heshima. Mlitaka niseme nini? Kwamba nimelichungulia tumbo la mkwe wangu?"

Kisha Nakijwa, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Aliniomba atoke, nikamnyima. Lakini bila mkono ule nisingeweza. Mkiufunga mlango, mmewahukumu wenzangu kumi na mmoja kwa kosa langu."

Mwenyekiti akavua miwani, akamgeukia Senkondo. "Sema wewe. Nani alikuangusha?"

Senkondo alitazama dirishani. Wingu lilikuwa limeshaketi juu ya shamba lake. Binti yake alilala juu ya mkono wa kushoto, mzito, wa moto, na Senkondo akajisikia mwenye bahati na mwenye hofu kwa pamoja. Akiitaja hospitali, wachimbaji watashuka leo hii, na mlango utafungwa nyuma yao. Akimtaja mama mkwe, adabu aliyoilinda kwa mfupa wake ataibomoa kwa ulimi. Akimtaja mkewe, mzazi wa siku tisa atashika jembe. Na akijitaja mwenyewe, mwaka huu huyu mtoto atakula nini?

Tone la kwanza likagonga bati. Senkondo akafungua kinywa.

Mimi nami hapo nimefika, mzigo nimeutua katikati yenu. Msitazamane! Mvua inanyesha, tangawizi iko ardhini, jembe limeegemea ukuta. Je, nani alimwangusha Senkondo, na jembe apewe nani?