Kunde za Siku ya Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa gani, kama ya ng'ombe aliyelala? Wenye meno waseme, na tusio na meno tuseme. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapeleka watoto wao chekechea, palikuwa na mwalimu mmoja, Mwalimu Kanga. Madoadoa safi, shingo ndefu, kichwa kidogo. Kichwa kidogo lakini kimejaa. Shule yake ilikuwa uwanja tu, nyuma ya kichuguu. Mvua ikinyesha, inawanyeshea wote, mwalimu na wanafunzi.

Watoto walikuwa saba. Nguchiro mdogo alikuwemo, yule mwenye mdomo. Bata mdogo alikuwemo, yule wa kulialia. Ngiri mdogo alikuwemo. Na Fuko mdogo alikuwemo. Huyo macho yake hayakuona, kama ya mafuko wote. Lakini mikono yake, mama wee! Ile mikono ilijua mambo.

Masika yakaanza. Mvua nda-nda-nda! Nchi ilikuwa imekakamaa kama ngozi ya ngoma, sasa ikalainika. Kumbikumbi wakatoka. Majani yakatoka. Vyura wakapiga kelele kama waliokosa kualikwa harusini. Na Pasaka ikawa inakaribia.

Mwalimu Kanga hakuwa mwalimu wa "kaa kimya, nisikilize". Yeye alisema, "Shika. Kanda. Paka. Nusa." Jumapili ya Matawi aliwapa ukindu. Wakasuka, wakapepea, kisha wakachapana nao. Watoto ni watoto. Siku ya pili yake akaleta mayai viza kutoka kwa Mama Kuku, mayai yasiyo na mtu ndani, wakayapaka rangi. Manjano. Mkaa. Udongo mwekundu. Nguchiro mdogo akalishika lake, akalinusa, akalitikisa, akalibana.

Pwaa!

Harufu ile hata nzi walisita. Bata mdogo akalia. Ngiri mdogo akafurahi, akajigaragaza humo humo, akaenda nao kwao uvundo wake.

Sasa, baba yake Ngiri mdogo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wazazi. Mzee Ngiri. Meno yametoka nje kama ndoana. Akaja mbio, mkia juu.

"Mwalimu!"

"Shikamoo, Mzee Ngiri."

"Marahaba, na iwe ya mwisho. Juzi matope. Jana ukindu puani. Leo mwanangu ananuka yai bovu, mama yake kahama kitanda. Hii ni shule au jalala?"

"Mzee, wanajifunza kwa mikono."

"Kugaragara hata mimi najua, na sikukusomea! Sikiliza. Wazazi tumekaa, tumesema. Jumapili ya Pasaka tunakuja wote. Tuone kitu. Kitu cha kuonekana! Tusipokiona, kila mtu anachukua mtoto wake, na wewe ukachakure kwingine."

Akaenda zake. Mkia juu.

Ngiri kulalamikia matope! Lakini mwenyekiti ni mwenyekiti. Mwalimu Kanga akabaki amesimama. Vifaranga wake mwenyewe walichukuliwa na kipanga mwaka ule wa njaa, mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Akabaki na watoto wa watu. Sisemi mlie. Nasema mjue.

Ijumaa Kuu ikafika. Mwalimu akawaita watoto. Kila mmoja alikuja na kifuu cha nazi, isipokuwa Fuko mdogo. Kwao minazi hawapandi. Yeye alikuja anasukuma chungu cha mamake, chungu kirefu, mdomo umevunjika. Mwalimu akagawa kunde, moja moja.

"Tia udongo. Toboa kwa kidole. Laza kunde. Funika."

Wakatia, wakatoboa, wakalaza, wakafunika. Fuko mdogo akatumbukiza mkono mpaka kwapani.

"Wewe Fuko! Unapanda au unazika?"

"Kwetu kila kizuri kiko chini, mwalimu."

"Haya, umezika wewe. Watoto, sikilizeni. Bwana alilazwa kaburini Ijumaa, Jumapili akatoka. Na kunde zetu leo zimelala. Siku ya tatu, wazazi wenu wakija, zitatoka!"

Mnalisikia hilo kosa? Nani kasema kunde huota siku ya tatu? Mkulima hakusema. Kunde yenyewe haikusema. Mwalimu Kanga alisema, kwa sababu Ngiri alimtisha, na mwenye hofu huahidi hata mvua. Watoto wakaimba:

"Kunde lala, kunde amka,
siku ya tatu tutakuona!"

Jumamosi asubuhi Mwalimu Kanga akaenda kuchungulia. Kimya. Adhuhuri akachungulia. Kimya. Alasiri akachungulia. Udongo umetulia kama uso wa mtu asiyekujua.

"Kesho wazazi," akasema. "Kesho Ngiri."

Nyuma ya jiko lake kulikuwa na kunde zilizomwagika zamani, zimejiotea zenyewe, kila mche una majani mawili. Mwalimu akaitazama ile miche. Akatazama huku. Akatazama kule. Akang'oa saba.

Ili mche uingie, lazima ile mbegu itoke. Akafukua kifuu cha kwanza kwa mdomo, chaku-chaku, akaipata kunde. Imevimba, imelainika, imejaa maji. Sasa imo mdomoni. Na mdomo wa kanga ukishashika kunde, uende nayo wapi?

Gulp.

"Ni moja tu," akasema.

Kifuu cha pili. Chaku-chaku. Gulp. Cha tatu. Gulp. Sita zikaenda hivyo. Akafika kwenye chungu cha Fuko. Akachakura, akachakura, hakuona kitu. "Labda katoto kenyewe kameila," akasema, mlafi kumdhania mwenzake! Akasimika mche juu, akashindilia, akafuta mdomo kwenye nyasi.

Jumapili ya Pasaka! Jua limetoka, mvua imepumzika. Wazazi wakaja. Mzee Ngiri mbele, mkia juu. Mama Fuko nyuma, anapapasa njia. Mwalimu Kanga akavuta majani ya mgomba aliyofunikia.

Ehee! Vifuu sita na chungu kimoja, vyote kijani.

Mama Kuku akapiga vigelegele. Bata mdogo akaona furaha, akalia. Mzee Ngiri akazunguka mara moja, akazunguka mara ya pili.

"Hm," akasema. "Kitu kinaonekana."

Mwalimu Kanga akashusha pumzi iliyokaa kifuani tangu alipouona ule mkia wa Ngiri.

Lakini Fuko mdogo yeye haoni kijani. Alikuwa ameinamia chungu chake, anapapasa. Akagusa majani. Akagusa shina. Akatumbukiza mkono, taratibu, mpaka kwapani.

"Mwalimu," akasema. "Kunde yangu iko huku chini. Imetoa kamkia. Sasa hii iliyolala juu yake ni ya nani?"

Wote wakakigeukia chungu.

"Anasema nini huyu?" akauliza Mzee Ngiri.

Nguchiro mdogo akacheka, "Haoni, huyo! Kunde imesimama mbele yake, yeye anaitafuta chini! Kipofu! Kipofu!"

Na wengine wakacheka. Mmemwona nguchiro? Kila darasa lina wake.

"Lakini naishika," akasema Fuko mdogo. "Hii ya juu mizizi yake imekatika. Yangu niliilaza mimi."

"Mwalimu," akasema Mzee Ngiri, "mtoto anasema kweli au anapayuka?"

Sasa hapo. Mwalimu Kanga angesema neno moja tu. Angesema, "Anapayuka, mzee, haoni." Nani angebisha? Shule ingekuwa yake mwaka mzima. Neno likaja mpaka ncha ya mdomo.

Akamtazama Fuko mdogo. Mtoto alikuwa ameutoa mkono chunguni. Anaufuta tumboni, anaugeuza, anaufuta tena. Kama mtu aliyeambiwa mkono wake ni mwongo.

Mwalimu Kanga akalimeza lile neno. Lilikuwa gumu kuliko kunde zote sita.

"Usiufute mkono wako, Fuko," akasema. "Mkono wako haujakosea. Miche hii niliing'oa nyuma ya jiko langu. Kunde za watoto nimezitoa."

"Umeziweka wapi?" akauliza Ngiri mdogo.

Mwalimu Kanga akatazama miguu yake.

"Nimezila."

Nguchiro mdogo akapiga ukelele, "Mwalimu amekula darasa!"

Watoto wakaangua kilio, na wengine wakacheka, na Bata mdogo akafanya vyote viwili.

Mzee Ngiri akavimba. "Basi! Shule imefungwa. Chukueni watoto."

"Nani achukue?" Huyo Mama Fuko. Alikuwa hajasema kitu tangu afike. "Mwenyekiti, hujambo?"

"Sijambo, mama, lakini..."

"Hujambo, lakini kulima hujui. Kunde huota siku ya nne, ya tano. Ikilazwa chini kama alivyolaza mwanangu, hata ya sita. Wewe ukamwambia, 'Pasaka nione.' Ulimwuliza nani, kunde? Mwalimu ana ulafi na ana uongo, tumemsikia, tena kajisema mwenyewe. Wewe una haraka, na wewe hujajisema."

Mzee Ngiri akafungua mdomo. Ndoana zote mbili zikabaki zimening'inia.

"Chungu cha mwanangu kimebaki na kunde ya kweli," akasema Mama Fuko. "Mwache akae nayo. Ikitoka kabla ya Jumapili ijayo, shule ipo. Isipotoka, funga."

Wazazi wakaguna wakakubali. Ngiri akasema, "Haya. Lakini haitoki."

Mwalimu Kanga akaleta kunde sita kutoka kwenye akiba yake ya chakula, watoto wapande upya. Nguchiro mdogo akakataa.

"Mwalimu afungwe mdomo kwanza!"

"Wee mtoto, adabu!" akasema Mama Kuku.

"Ana haki," akasema Mwalimu Kanga.

Nguchiro mdogo akachukua ukindu, ule ule wa Jumapili ya Matawi. Akamzungushia mwalimu mdomo, mara tatu, akapiga fundo. Na watoto wakapanda. Bata mdogo akamwaga udongo nusu nje, mwalimu akasema "Mm!" lakini hakugusa. Ngiri mdogo akapanda kunde juu chini, mwalimu akapiga mguu chini, lakini hakugusa. Hakuweza kufundisha, wakajifunza. Tangu shule ianze, siku hiyo ndiyo aliyofundisha vizuri kuliko zote.

Ilipofika adhuhuri, jua likawa kali. Ile miche saba ya nyuma ya jiko, waliyoing'oa wakaitupa, ikalegea, ikalala chali kwenye nyasi. Hakuna aliyeitazama. Jioni Nguchiro mdogo akalifungua lile fundo la mdomoni.

Jumatatu kimya. Mzee Ngiri akapita. "Napita tu, naenda kisimani."

Jumanne kimya. Mzee Ngiri akapita. Kisima kiko upande mwingine, lakini akapita.

Mwalimu Kanga alikaa mbali na chungu, mabawa nyuma, anajizuia kuchungulia. Kila siku watoto walipouliza, "Leo, mwalimu?" alisema, "Sijui." Neno dogo hilo. Lilimchukua wiki nzima kuliweza.

Na Fuko mdogo akabadilisha wimbo, wenzake wakamfuata:

"Kunde lala, kunde amka,
siku yako tutakuona!"

Jumatano. Mvua ya alfajiri imekatika, udongo unatoa mvuke. Fuko mdogo akaweka kiganja juu ya chungu, hakubonyeza, aliweka tu. Akakaa hivyo. Watoto wakasogea kumzunguka. Hata Nguchiro.

"Inanisukuma," akasema Fuko mdogo.

Akaondoa mkono. Udongo ulikuwa umepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Na ndani ya ufa, kitu kimejikunja, shingo mbele, kichwa bado chini, kama mtu anayejitoa kwenye shuka.

Mzee Ngiri alikuwa anapita tu. Akasimama. Akasogea. Lakini ngiri ana shingo fupi, kitu cha chini hakioni akiwa wima. Akapiga magoti yake ya mbele, palepale matopeni, mbele ya chungu kilichovunjika mdomo, pua yake karibu na ule ufa. Msiseme alisali. Ngiri wote wanapiga magoti wakitaka kutazama ardhi. Lakini alikaa pale muda mrefu kidogo kuliko inavyohitaji kunde moja.

"Kinaonekana," akasema, pole pole.

Kisha akainuka, magoti yamejaa tope, akaenda kwake. Mkia chini. Mama Ngiri akamwuliza, "Na wewe umetoka wapi na uchafu huo?"

Akajibu, "Shuleni."

Na nyie wenye watoto, mnaovutavuta mikeka kujifanya hamsikilizi, sikieni. Mtoto mpe mbegu na udongo, kisha ondoa mkono wako, na mdomo wako pia. Kazi ya mikono ya mtoto usiikamilishe kwa uongo ili wageni wapige vigelegele. Kila mbegu ina siku yake, na wewe si mwenye kuipanga.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye ufa wa chungu. Mwenye tope akanawe. Asiye na tope, siku nzima alikuwa anafanya nini?