Ruhusa ya Bwana Shamte

Bwana Shamte, tajiri mwenye kiwanda cha mikate, alimwita Mwanakheri, mshauri wa programu za kompyuta.

"Nataka programu itakayomzuia kila mtu kugusa kitu bila ruhusa yangu."

"Bosi, mambo madogo waachie wasimamizi."

"Nimekuita unitii, si unifunze! Ukikataa, kazi nampa mwingine."

Mwanakheri akameza tabasamu. "Haya, bosi. Kama ulivyosema."

Siku programu ilipowashwa, simu ya Shamte haikunyamaza. Huyu aliomba kukanda unga, yule kufungua lango. Kufikia adhuhuri tajiri hajaonja hata chai, na mikate imeungulia tanurini ikingoja ruhusa ya kutolewa.

"Binti yangu, niokoe!" alimlilia Mwanakheri. "Nitengenezee ile ya wasimamizi!"

"Iko tayari tangu jana, bosi. Nayo inangoja ruhusa yako tu."